Leo Hapafungwi Kitu

Balaa la kwanza lililetwa na mbuzi. Mkunga Sukhdei alikuwa ameagiza kila kilichofungwa nyumbani kifunguliwe, na Bi Rahiman, ambaye tangu jana hakutia tonge kinywani, hakubagua. Alifungua kasha la nguo. Akafunua mtungi wa unga, akalegeza kamba za vitanda, akafumua nywele zake zenye mvi na kuziacha zikining'inia mabegani. Kisha akatoka uani akamfungua mbuzi, naye mbuzi hakuuliza kwa nini. Alikwenda moja kwa moja kwenye tuta la uwatu la jirani.

"Bi Rahiman!" Ladli akapiga kelele kutoka upande wa pili. "Mbuzi wako ananila!"

"Mwache ale! Mkwe wangu hajajifungua bado!"

"Na mbuzi anaingiaje hapo?"

"Alikuwa amefungwa!"

Ladli akaacha kubisha. Hapakuwa na mwanamke mtaani Mumtazabad, mjini Agra, Mwislamu au Mhindu, ambaye hakulijua jambo hili. Mwanamke hawezi kujifungua katika nyumba yenye vifundo. Mwili husikia kinachofungwa jirani yake, nao hujifunga.

Ndani, Sharifan alikuwa amechuchumaa juu ya majani makavu, mikono mabegani mwa mkunga. Jana alilia mpaka watu wa barabarani wakawa wanapunguza mwendo. Leo tangu alfajiri hakutoa sauti, na kimya hicho ndicho kilichomtia Bi Rahiman hofu.

"Piga kelele, mwanangu," Sukhdei akamsihi. "Mficha uchi hazai. Tukana. Mtukane mumeo, nimekuruhusu. Mtukane na mama mkwe wako, huyu hapa hana la kufanya."

"Na anitukane," Bi Rahiman akasema. "Nitukane, mama. Nitafurahi."

Sharifan aligeuza uso ukutani.

Sukhdei aliomba maji. Siku nyingine, kwa kuwa mkunga ni mtu wa tabaka la chini na hushika visivyoshikwa, Bi Rahiman humpa maji kwenye kigae kilichowekwa nje, tena humimina kwa juu asije akamgusa. Leo alimpa bilauri yake mwenyewe ya shaba. Wala hakujiona akifanya hivyo. Sukhdei aliona, akanywa, akairudisha kwa adabu.

"Kuna kitu bado kimefungwa," akasema kwa sauti ya chini. "Mtoto amekaa vizuri, nyonga si mbaya. Kuna kitu kinamshika."

"Kipi? Nimefungua hata mfuko wa tambuu!"

"Mwanao yuko wapi?"

"Kazini. Wamekatazwa kutoka, hitima ya Malkia ni keshokutwa."

"Na ua lake la vito?"

"Ameliacha wazi. Aliapa mbele ya huyu huyu Sharifan."

Mafundi wa kupachika vito walikuwa na desturi yao, nayo wasimamizi waliijua ingawa hawakuipenda. Fundi ambaye mkewe amekaribia siku zake huendelea na kazi kama kawaida, huchonga na kupachika, ila jani la mwisho la ua huliacha. Mahali pake hubaki shimo jembamba kwenye marumaru, mpaka habari ije kutoka nyumbani kwamba mama amekwisha kujifungua salama. Hapo ndipo mwenyewe hulifunga, na wenzake humpigia makofi.

Tena hawakukosa sababu ya kuogopa. Mtaa mzima ulikuwa ukila kwa kifo cha uzazi. Malkia alikuwa amemfuata mumewe vitani akiwa na mimba ya mtoto wa kumi na nne, na huko ugenini, Burhanpur, akamzaa binti na asiamke tena. Wanasema Mfalme alijifungia chumbani, na alipotoka ndevu zilikuwa nyeupe. Kisha akaanza kumjengea kaburi kando ya mto. Tangu hapo wapasua mawe, wabeba chokaa, wapishi wa dengu na wauza tambuu walipata riziki, na watoto walizaliwa mtaani na kulelewa na kifo kile. Lakini mbele ya mwenye mimba hakuna aliyelitaja jambo hilo. Walisema tu "kazini", au "pale mtoni".

Ladli alikuwa amekuja kumdai Bi Rahiman uwatu wake, akasimama mlangoni, na sasa alikuwa akijikuna shingo. Yeye hubeba chokaa pale mtoni, na alikuwa amerudi mara moja kumnyonyesha mwanawe.

"Bi Rahiman, nisije nikaitwa mbeya."

"Unaitwa siku zote. Sema."

"Kalifunga."

"Nani?"

"Bhikan. Leo asubuhi. Nilikuwa napita na karai langu nikasikia makofi, nikadhani habari njema imefika. Nikasema, mbona nimetoka mtaani sasa hivi na sikusikia mtoto?" Akamtazama Sharifan, akajuta kwamba hakusemea nje. "Makofi yenyewe yalikuwa machache."

Sharifan alisikia. Vidole vyake vilikaza begani mwa mkunga, kisha vikalegea, na Sukhdei ikabidi amdake kiunoni.

"Nenda," Sukhdei akamwambia Bi Rahiman. "Nenda hivyo hivyo, usifunge hata ushungi!"

*

Bawabu wa lango la kusini alimwona kizee akija mbio, nywele zinapepea, ushungi mkononi. Akaukingamisha mkuki wake njiani.

"Unakwenda wapi na manywele hayo, bibi? Majini ruhusa yao ya kutoka ni saa ya magharibi."

Wabeba maji waliokuwa wakingoja zamu walicheka. Bi Rahiman, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kutoka uchochoroni mwao kichwa wazi, aliwaacha wacheke.

"Niitie mwanangu. Bhikan, mpachika vito. Mkewe ana uchungu tangu jana."

"Si wa kwanza kuwa na uchungu."

"Baba, nakuomba."

"Bibi, hapa tunamjengea aliyekwisha kufa. Walio hai wangoje zamu yao."

Mkono mtupu haulambwi, na Bi Rahiman hakuwa mgeni wa dunia. Alijivuta bangili yake ya fedha, ikagoma kwenye kifundo cha mkono, akaitemea mate na kuivuta mpaka ngozi ikachubuka. Bawabu aliing'ata kwanza ili aone kama ni fedha kweli, mbele yake, bila haya. Ndipo akatuma mtu.

Bhikan alikuja akipangusa mikono. Vumbi la marumaru lilikuwa limezifanya nyusi zake nyeupe. Alipoziona nywele za mama yake alisimama.

"Kafa?"

"Umelifunga?"

"Mama, yu hai?"

"Yu hai. Nakuuliza mimi mama yako, umelifunga?"

Bhikan alitazama chini. "Msimamizi Mirza alisema atakayemaliza bamba lake la marumaru kabla ya adhuhuri atapewa joho la sufu. La ghala la Mfalme, mama, si haya ya sokoni. Na baridi hii, na mtoto mchanga. Nikasema Sharifan naye ajifunike kitu cha maana walau mara moja."

"Ulimwapia."

"Alfajiri nilipotoka mkunga alisema bado kidogo tu. Nikadhani mpaka nimalize atakuwa ameshajifungua. Nilidhani ni sawasawa."

"Ulidhani." Bi Rahiman akamsogelea. "Basi lilete hilo joho. Tutamzikia nalo."

Alijuta neno lile likiwa bado mdomoni. Mwanawe alikuwa amekwisha geuka na kurudi ndani, akikimbia mahali ambapo watu hawaruhusiwi kukimbia.

*

Mirza Yadgar, msimamizi wa wapachika vito, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua. Mtangulizi wake alifukuzwa kwa sababu ya ufa ambao wengine hata hawakuuona. Leo mkaguzi wa kasri angefika baada ya alasiri kupitisha mkono juu ya kila ua, na keshokutwa Mfalme mwenyewe angesimama hapo kwa hitima.

"Ulifungue?" akasema. "Bhikan, una akili timamu?"

"Jani moja tu, Mirza. La akiki. Nalitoa, habari ikija nalirudisha. Halitajulikana."

"Na habari isipokuja?"

Bhikan aligeukia ua lake.

"Nisamehe," Mirza akasema. "Ulimi umeteleza. Lakini sikiliza. Siku zote nimefumba macho na mambo yenu haya ya vifundo. Hata leo ungeliacha wazi mwenyewe ningegomba na kunyamaza. Lakini umelifunga, nimeliandika, nimetuma habari kwamba bamba limekwisha. Ua likishafungwa si lako tena. Ni la Malkia."

"Malkia angenielewa."

"Malkia hakagui mabamba! Nenda nyumbani, nakuruhusu. Nenda kamwone mkeo. Siku ya leo hiyo ni hisani, mshukuru Mungu."

Adhana ya adhuhuri iliita. Mirza akaenda kutawadha, na mafundi Waislamu wakamfuata. Bhikan alibaki amesimama mbele ya ua lake.

Lilikuwa yungiyungi jekundu, limejipinda kidogo kama linaloegemea upepo, na lilikuwa zuri. Hakuwa na hakika kama anaamini mambo ya vifundo. Siku nyingine, wakinywa maziwa na wenzake, aliyacheka. Lakini chini ya nakshi zile alilala mwanamke ambaye hakukosa kitu, alikuwa na matabibu wa dola nzima, na mume aliyempenda kuliko kawaida ya wafalme, na mapenzi yote yale hayakumsaidia chochote usiku ule. Mfalme alikuja kufanya makubwa baadaye. Bhikan aliona wazi kwamba yeye hatakuwa na baadaye ya namna hiyo. Akifiwa na Sharifan atabaki mtu aliyekwenda kuchuma joho.

Alichukua kaa la moto kwa koleo akalishikilia juu ya jani la mwisho. Ulimbo ulioshika jiwe haukutaka kulainika. Moshi ulipanda na kuacha doa jeusi kwenye marumaru, naye akapuliza, akaingiza ncha ya kisu, akasikia jiwe likikwaruza. Manohar, Mhindu mzee wa Kanauj aliyekuwa akifanya kazi kwenye bamba la pili, aligeuka akaona. Wakatazamana. Kisha Manohar akampa mgongo, akachukua nyundo na kuanza kugonga patasi kwa nguvu, kelele tupu, kwenye jiwe ambalo halikuhitaji kugongwa.

Jani likatoka. Bhikan alilifumbata kiganjani likiwa bado la moto, akatoka kwa lango la wabeba taka.

*

Aliposikia sauti ya mtoto alikuwa bado uchochoroni. Ilikuwa sauti nyembamba ya hasira, na Bhikan alishika ukuta wa nyumba ya Ladli.

"Binti!" Ladli alimpigia kelele. "Binti, tena mweusi kama wewe, masikini!"

"Na mama yake?"

Ladli akawa na shughuli ya ghafla na mbuzi.

Mlangoni Bi Rahiman alimzuia. Mtoto ametoka sasa hivi, alisema, naye ni mzima, lakini kondo la nyuma halijatoka, na damu haikatiki. Sukhdei alikuwa akimkanda tumbo na kumwita Ram, mungu wake, kwa sauti. Sharifan alikuwa amefumba macho. Pazia lilikuwa limeteremshwa, na mwanamume hana ruhusa ya kulivuka.

"Umelifungua?" Sukhdei akauliza kutoka ndani.

"Nimelifungua."

"Basi liache hivyo hivyo. Kutoka mtoto si kumaliza. Mwenzake yule, wa pale mtoni, naye mtoto alitoka."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kukitaja kifo kile ndani ya nyumba ile. Bi Rahiman aliziba mdomo wake kwa kiganja.

Hapo ndipo Mirza Yadgar alipotokea uchochoroni, kwa miguu, kilemba upande, anahema. Watu walipisha. Hakuna aliyewahi kumwona mtu wa cheo chake akipita pale, tena peke yake, akikanyaga maji machafu kwa viatu vyenye ncha.

"Jiwe liko wapi?"

"Ninalo."

"Shukuru ni mimi niliyeona, si mwingine. Mkaguzi bado hajafika. Njoo sasa hivi ulirudishe, doa tutalisugua, na mimi sikuona kitu. Joho lako nakupa. Kazi yako ipo. Twende!"

"Bado hajamaliza, Mirza."

"Mtoto si huyo namsikia?"

"Kondo halijatoka."

Mirza alitazama pazia, akatazama kando haraka. "Basi nipe mimi. Manohar atalifunga."

"Manohar akilifunga litakuwa limefungwa vilevile."

Bi Rahiman alikuwa kati yao, na sasa alimshika mwanawe mkono wa kanzu. Nyumba ile ilikuwa ya kazi. Unga ulikuwa wa kazi, na kuni, na hata ile ruhusa ya kuteka maji kwenye kisima cha mtaa. Alikuwa mjane, alishawahi kulala nje na mtoto huyu huyu mgongoni, na aliijua baridi ya Agra kwa jina.

"Nenda, mwanangu," akasema. Hakuthubutu kumtazama. "Mtoto ametoka. Labda inatosha. Nenda, tutakula nini?"

"Mama, si wewe uliyekuja langoni?"

"Ni mimi. Na sasa nakwambia nenda." Akaanza kulia. "Sijui, Bhikan. Usiniulize mimi. Sijui."

"Nitaita askari," Mirza akasema. "Hilo ni jiwe la Mfalme uliloshika. Unajua wizi huo unaitwaje?"

"Waite. Mpaka wafike huenda atakuwa amemaliza."

"Mtafukuzwa! Kesho mtafunga virago, wewe na mama yako na hicho kichanga!"

"Kesho tutafunga, Mirza," Bhikan akasema. "Leo hapafungwi kitu hapa."

Mirza akapiga hatua moja mbele. Angeweza kumnyang'anya, Bhikan alikuwa mwembamba, na mkono uliofumbata jiwe ulikuwa umeungua. Uchochoro mzima ulikuwa ukitazama. Alitazama jua. Alifikiri njia ya kurudi, alifikiri mkaguzi akipitisha kidole juu ya ua na kidole kikazama. Kisha, kwa kuwa bila jiwe hakuwa na pa kwenda, akaketi kwenye ngazi ya mlango, na baada ya kitambo Bhikan akaketi pia. Walikaa hivyo, msimamizi na fundi, bega kwa bega kwa sababu ngazi ilikuwa ndogo.

Ndani Sukhdei aliomba maji ya moto. Akaomba nguo, halafu nguo nyingine. Bi Rahiman aliingia na kutoka, na kila alipotoka na beseni Mirza aligeuza uso. Bhikan hakugeuza. Aliitazama damu ile kila mara, na kila mara ilikuwa nyingi.

"Sharifan," Sukhdei alikuwa akisema. "Sharifan, mwanangu, kohoa. Kohoa tu. Mara moja, kwa ajili yangu. Nimenywa kwenye bilauri ya mama mkwe wako leo, nani ataniamini usiponishuhudia? Kohoa!"

Kimya. Kikohozi dhaifu. Kimya tena.

"Inna lillahi," Mirza akanong'ona, akajiuma ulimi.

Adhana ya alasiri ikaanza kutoka msikiti wa pale mtoni. Mirza aliisikiliza yote bila kusimama, mikono magotini. Ilipokwisha alivua kilemba akakiweka pajani, kama mtu aliyefika nyumbani kwake.

"Limetoka!" Sukhdei akapaza sauti. "Limetoka lote! Subirini... subirini kwanza." Wakangoja. "Damu inakata. Inakata, jamani. Bi Rahiman, lete maziwa!"

Bhikan alijaribu kukunjua vidole, vikakataa, ikabidi avitumie vya mkono wa pili. Jani lilikuwa limeng'ang'ania malengelenge ya kiganja. Mirza alilibandua polepole, asimwumize, akalifunga kwenye ncha ya kilemba.

"Saa hizi mkaguzi ameshaona," akasema. "Nitasema ni mimi niliyelitoa kulisafisha. Hataniamini." Alisimama. "Usije kazini kesho. Hata mimi nikiachwa kazini, wewe usije."

"Najua."

"Amani iwe juu ya binti." Akaondoka, bila haraka tena.

Bhikan aliegemeza paji la uso kwenye mwimo wa mlango. Alikusudia kusema alhamdulillahi, likatoka jambo jingine kabisa, la sauti kubwa na la aibu, likaendelea kutoka, na Ladli akawafukuza watoto wasimtazame. Mtaani hapo watu walimzoea kuwa mtu mtulivu.

Nyuma ya pazia sauti iliyokwaruza, ambayo tangu alfajiri haikusikika, iliuliza:

"Mama, huyo anayelia hivyo ni mtoto au baba yake?"

"Baba yake," Bi Rahiman akasema. "Mtoto ana nafuu."